Baba wa Jumamosi

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua. Amri ya matunzo lazima ipunguzwe.

Hakimu aliyeipanga siku ya talaka aliniona nimevaa suti, akadhani mwenye suti ana hela. Suti yenyewe ni ya studio, ile ninayowaazima wateja wa picha za pasipoti. Imepasuliwa mgongoni ili imkae kila mtu. Mbele heshima, nyuma pini. Hakimu aliona mbele tu.

Na studio imelala. Siku hizi watu wanajipiga wenyewe kwa simu, wamebinua midomo, na wanaridhika. Leo wameingia wateja wawili, mmoja alikuwa anauliza njia. Lakini mwisho wa mwezi ukifika, natakiwa kumpelekea mtalaka wangu fungu la Chiriku. Chiriku ni binti yangu. Ana miaka tisa na mdomo wake haupumziki, ndiyo maana nikampa jina hilo. Kila Jumamosi anashinda kwangu, kwa amri ya hakimu huyohuyo.

Simkatai mtoto. Nataka tu anigharimu kidogo. Mtu mzima anaruhusiwa kutaka hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Mahakamani, kuomba kupunguziwa. Nilijiandaa vilivyo. Shati lililochanika kwapani, ndala zisizolingana. Nilijizoeza kukohoa mbele ya kioo cha studio mpaka nikapata kikohozi nilichokitaka: kikavu, cha mtu aliyekosa mlo lakini hana ugonjwa wa kuambukiza.

Karani wa masjala, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, aliniangalia akatabasamu. Kumbe wiki iliyopita nilimpiga picha za kitambulisho. Akaniuliza lile tawi la pili nililomsimulia linafunguliwa lini, maana mdogo wake anatafuta kazi ya mapokezi.

Hakuna tawi la pili. Siku ile nilikuwa naongea tu ili alegeze shingo. Lakini kukiri kwamba nilimdanganya kungekuwa kujivunjia heshima mbele za watu, kwa hiyo nikamwambia mwezi wa nane. Akasema hongera. Halafu akanieleza, kwa upole kabisa, kwamba anayetaka kupunguziwa athibitishe kuwa kipato kimeshuka, alete hesabu za biashara, na kwamba mwenye matawi mawili itamwia vigumu kidogo.

Nimekohoa bure.

Jumamosi, 8 Juni

Leo nimezungumza na Kinyozi wa mlango wa pili. Kinyozi ananyoa mawakili wawili, naye anaamini elimu huanguka pamoja na nywele, kazi yake ni kuifagia tu. Akasema kuomba kupunguziwa ni kazi ya wanyonge. Dawa ya mti unaokusumbua ni kung'oa mzizi. Akaniuliza nani aliniambia yule mtoto ni wangu.

Nilikasirika. Nikamwambia akome kabisa, asimguse mwanangu kwa ulimi wake. Halafu nikamuuliza kesi kama hiyo huchukua muda gani.

Chiriku alikuwa amekaa kwenye kigoda cha wateja, akining'iniza miguu, akinisimulia jinsi mwalimu wao wa hesabu alivyopiga chafya mpaka meno ya bandia yakatoka, na jinsi alivyoyaokota akaendelea na mgawanyo. Alieleza hadithi hiyo mara tatu, kila mara chafya ikizidi ukubwa. Nilimtazama kupitia kamera. Nimetazama nyuso maisha yangu yote. Na nikajiuliza, pua ile imetoka wapi?

Jumanne, 11 Juni

Nimefanya utafiti wa kitaalamu. Nilichapisha picha yangu na picha ya Chiriku kwa ukubwa sawa, nikazibandika ukutani bega kwa bega. Nikapima umbali wa macho kwa rula. Masikio nikayachora upya kwa kalamu nyekundu. Tofauti ni kubwa. Ukiyatazama masikio yale kwa haki, huwezi kulala.

Akaja mteja, bibi mmoja anayetaka picha ya pensheni. Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Akacheka peke yake. Akasema huyu binti sikumzaa, nimejichapisha. Eti tunavyoinamisha kichwa ni kimoja, tunavyominya jicho ni kimoja, kama watu wawili wanaochungulia tundu moja.

Nilimpiga picha ikatoka amefumba macho. Nikamwambia serikali inazikubali.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewasilisha. Ombi jipya, la kupinga ubaba. Kinyozi alinisaidia maneno. Tuliandika "mashaka mazito" mara nne.

Nilipotoka nilipita kwa Dada. Dada ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki, kwa hiyo humwambii jambo, unaripoti. Aliendelea kuchambua mchele huku nikieleza. Nilipomaliza akaweka ungo chini.

Akasema wazee hawakuwa wajinga waliposema kitanda hakizai haramu. Mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa ndoa, na sheria nayo inasema hivyohivyo kwa maneno marefu. Nikamwambia sayansi imeendelea. Akaniuliza kama ninajua ninachokichimba. Nikasema ninachimba ukweli. Akaniambia ukweli huo nilishaufukia kwa mikono yangu mwenyewe, na aliyefukia hapaswi kujifanya mgeni wa shimo.

Sikumwelewa. Dada akizeeka anaanza kuongea kwa mafumbo. Nilikula nikaondoka.

Jumanne, 18 Juni

Mtalaka wangu amekuja studio. Alitoka moja kwa moja kwenye kiwanda cha mikate, zamu imeisha, mikono ina zile alama za matanuri mpaka kwenye viwiko. Hajawahi kukanyaga hapa tangu tuachane. Nilimpa kigoda, akakataa.

Nilitarajia matusi. Nilikuwa nimeandaa majibu, mengine mazuri sana. Hakutukana.

"Baba Chiriku," akasema, "punguza. Nenda kaandike upunguziwe, mimi sitapinga. Nitaongeza zamu. Lakini hilo la kumpima mtoto, liondoe."

Nikamuuliza anaogopa nini.

"Uliniambia tusilizungumze tena. Nimenyamaza miaka yote hii. Leo wewe ndiye unafungua mdomo?"

Nikamwambia kama hana la kuficha, maabara haiumi. Alisimama hapo akinitazama jinsi mtu anavyotazama nyumba aliyokuwa akiishi zamani. Kisha akaenda zake.

Kinyozi alikuwa ametega sikio ukutani. Akasema hiyo ndiyo hofu ya mwenye hatia, tumeshampata. Na zaidi ya hapo, amekubali kupunguza, maana yake anajua hata hicho kidogo hastahili. Nikaona ni kweli. Angekuwa na haki asingekubali nusu.

Sikulifikiria sana lile neno la kunyamaza.

Jumatatu, 24 Juni

Hakimu amesoma ombi, akavua miwani, akaivaa tena. Akauliza kama nina uhakika ninataka kupata jibu. Nikasema nina uhakika. Akasema watu wengi wanaokuja pale wanataka swali tu.

Ameamuru kipimo cha vinasaba. Gharama juu yangu. Hilo Kinyozi hakulitaja.

Ijumaa, 28 Juni

Hospitali. Mimi, Chiriku na mama yake, kwenye benchi moja, mtoto katikati. Kwa mbali tungeonekana familia.

Nilikuwa nimemwambia Chiriku kwamba ni uchunguzi wa meno. Wazo langu mwenyewe, na nililipenda, kwa sababu kweli wanasugua ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Mama yake alisikia uongo huo akageuza uso, hakuniumbua.

Mtoto alikuwa na furaha. Alimweleza muuguzi habari za mwalimu wa hesabu, chafya sasa imefikia kuvunja dirisha. Muuguzi alicheka, akamsugua shavu, akanisugua na mimi. Tukatolewa nje tusubiri kutia sahihi.

Kosa langu ni kwamba nimemlipia ada ya shule. Anasoma. Juu ya mlango kulikuwa na kibao, na kwenye ukuta wa korido wamebandika bango kubwa lenye mtu mzima na mtoto na alama ya kuuliza katikati yao. Alilisoma lote, midomo ikicheza. Akanyamaza. Sikumbuki lini mara ya mwisho alinyamaza akiwa macho.

"Si meno," akasema.

Nikasema ni mambo ya serikali, fomu fomu tu.

"Wanaangalia kama mimi ni wako."

Nikasema wanaangalia vitu vingi.

"Wakisema hapana, Jumamosi nitakuwa nakwenda kwa nani?"

Mama yake alinyanyuka akaenda dirishani. Mimi nilikwenda kununua soda. Soda inajibu maswali mengi ya watoto. Niliporudi aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akaishika mpaka ikapata moto. Hakuifungua.

Jumamosi, 6 Julai

Chiriku hakuja. Mama yake amesema ana homa. Nimemwambia Kinyozi wanaanza kukiuka amri ya mahakama. Akasema niandike tarehe.

Nimeandika tarehe.

Jumatano, 17 Julai

Siku ya majibu.

Nilivaa suti ya studio, maana mshindi hapaswi kuonekana amechakaa. Kinyozi alifunga kibanda chake akaja kushuhudia. Dada naye alikuja, akakaa nje kwenye benchi pamoja na Chiriku, ambaye hakuruhusiwa kuingia.

Hakimu akasoma. Kwa mujibu wa maabara, mwombaji si mzazi wa damu wa mtoto.

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Nimelilipia. Lilipofika nilisikia kama mtu amenivutia kiti nikiwa nimeshaanza kukaa. Niligeuka, Kinyozi ameinua kidole gumba. Basi nikatabasamu, kwa sababu ilikuwa zamu ya kutabasamu.

Hakimu akamuuliza mtalaka wangu kama ana la kusema. Akasimama. Alikuwa amevaa gauni lile la kijani ambalo nililifahamu.

Alisema matokeo hayo si mageni kwake, wala si mageni kwangu. Kwamba mwaka ule nilikwenda mji mwingine kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapisha picha, nikakaa muda mrefu bila barua wala simu, mpaka watu wakamwambia nimeoa huko. Kwamba alikosea, na hakutafuta kisingizio. Kwamba niliporudi alinisubiri mlangoni, hakuniruhusu hata kuvua viatu, akaniambia yote pamoja na mimba, ili nikitaka kuondoka niondoke na mizigo yangu ikiwa bado imefungwa.

"Alisimama nje mpaka mvua ikaanza," akasema. "Halafu akaniuliza kama nimekula. Nikasema sijala. Akaingia jikoni, akapika yeye. Tulipokuwa tunakula akasema: atakayezaliwa ndani ya nyumba hii ni wangu, na jambo hili tusilizungumze tena. Mheshimiwa, alilishika neno hilo. Mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyekwenda kumwandikisha. Tuligombana kwa mengi mpaka tukaachana, lakini kwa hilo hajawahi kunisimanga hata siku moja. Nilikuwa namwambia kila mtu, huyu mume ana makosa yake, ila ana jambo moja kubwa. Leo amelileta hapa alipunguze."

Kinyozi alikuwa akichunguza dari.

Hakimu akaniuliza kama ni kweli.

Nikasema inawezekana nilisema kitu cha namna hiyo. Mtu akiwa na njaa husema mengi. Nikaongeza kwamba nilikuwa nimesahau. Na kweli nilikuwa nimesahau, au tuseme nililiweka mahali nisipopita. Nilimlea yule mtoto mpaka nikaamini mwenyewe. Kama nisingeamini, kwa nini ningeona haja ya kupima masikio? Hilo sikulisema mahakamani. Nimelifikiria sasa hivi na ninaona ni hoja nzuri.

Uamuzi. Mtoto alizaliwa ndani ya ndoa. Nilijua, nikamkubali, nikamwandikisha, nikamlea. Ubaba si koti la kuazima kwamba ukisikia joto unalivua. Alipofika hapo hakimu aliitazama suti yangu, nadhani kwa bahati mbaya. Kisheria mimi ni baba yake. Matunzo ni haki ya mtoto, si tuzo ya mama, hayafutwi. Hayapunguzwi pia, na hapo akapekua jalada, akaniuliza maendeleo ya tawi la pili. Jumamosi zinabaki palepale.

Tukatoka. Chiriku aliinuka kwenye benchi. Hakunikimbilia, hakumkimbilia mama yake. Alisimama katikati.

"Wamesemaje?"

Mama yake akasema wamesema Jumamosi utakwenda kama kawaida.

"Lakini wamesemaje?"

Alikuwa akinitazama mimi. Ni mimi niliyepaswa kujibu. Neno lilikuwa dogo sana. Hata la uongo lisingekuwa uongo, hakimu ametoka kulisema kwa sauti: wewe ni wangu. Nilifungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Kilekile, kikavu.

Dada akamshika mtoto mkono, akamwambia twende. Aliponipita aliniambia kwa sauti ya chini kwamba mama yetu alipata bahati ya kufa mapema.

Jumamosi, 20 Julai

Amekuja. Kwa wakati, amechanwa nywele vizuri.

Zamani aliingia akiwa ameanza hadithi tangu barabarani, mimi nikiikuta katikati. Leo aligonga mlango ulio wazi.

"Shikamoo."

Nikaitikia. Nikasema, "Umekuja."

"Mama amesema ni sheria."

Akakaa kwenye kigoda, begi lake juu ya mapaja, kama abiria anayesubiri kutangaziwa. Nikamuuliza habari za mwalimu wa hesabu. Akasema hajambo. Nikamuuliza kama amepiga chafya tena. Akasema hapana.

Nimegundua jambo. Ana ufundi wa kuniongelesha bila kuniita. Akitaka kitu anasema, naomba maji, naomba kwenda chooni. Akitaka nigeuke anasubiri nigeuke mwenyewe. Nilikaa chumba cha giza, cha kusafishia picha, makusudi ili alazimike kuniita. Alingoja nje ya pazia. Nilitoka baada ya muda, nikamkuta amesimama palepale, kimya, mteja amefika na yeye hakujua aniiteje.

Mteja alikuwa kijana wa picha za chuo. Nilipokuwa nikipanga taa, akamsemesha mtoto, kuua muda. Akamuuliza huyu bwana ni nani wako.

Chiriku alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani.

"Ni mwenye studio," akasema.

Picha ya yule kijana imetoka na ukungu.

Saa ya kuondoka ilipofika mama yake alisimama ng'ambo ya barabara, hakuvuka. Mtoto akasema kwaheri. Alifunga mlango polepole, jinsi unavyofunga mlango wa nyumba ya watu.

Nilikaa. Baadaye nikakaa kwenye kigoda chake. Ni kifupi, magoti yanagusa kidevu.

Jumapili, 21 Julai

Nimelala vibaya lakini nimeamka na akili.

Kinyozi ameeleza tulipokosea. Kosa halikuwa kwenye ombi. Kosa lilikuwa kumwachia mama Chiriku azungumze. Mwanamke akisimama na gauni la kijani akaanza kusimulia mvua, hakimu gani ataendelea kusikiliza sayansi? Lakini ipo rufaa. Mmoja wa wale mawakili atakuja kunyolewa Jumanne. Kinyozi ameahidi kumnyoa taratibu ili apate kumuuliza mengi.

Hoja zetu ni nzito. Maneno niliyosema wakati nakula hayawezi kuwa mkataba. Shahidi hakuna. Mvua si shahidi. Tukishinda, jina langu linaondolewa kwenye cheti cha mtoto, matunzo yanafutwa, nami nabaki na kitu mkononi kila mwezi.

Na hapa ndipo nilipowazidi wote, hata Kinyozi, maana hili sijamwambia. Hela hiyo siili. Nimeshapita dukani kuangalia. Kuna baiskeli nyekundu, ya kimo chake hasa, ina kengele na kikapu mbele. Mahakama ikishaamua rasmi kwamba mimi si baba yake, nitamnunulia.

Hapo ataniita baba. Mtoto ni mtoto. Watoto nimewasoma tangu zamani.

Kesho naanza kuandika sababu za rufaa.